Trauti wa Agosti

Mtu akiniambia leo kwamba samaki ni chakula cha heshima, mimi namtazama tu. Heshima ya samaki naijua. Ilinikosesha mume.

Kwetu ni juu ya Kachibora, kwenye miteremko ya Cherangany, mahali mto unapotoka msituni ukiwa baridi kiasi cha kuumiza mifupa ya miguu. Katika mto huo kuna trauti. Wazungu waliokuwa na mashamba ndio waliowaleta, kisha wakaenda zao, samaki wakabaki. Watu wetu hawakuwajali. Sisi tulikuwa watu wa maziwa na nyama, na mtu mzima aliyeshinda mtoni na fimbo ya kuvulia alihesabiwa pamoja na wavivu. Baba yangu ndiye aliyekuwa huyo mtu mzima. Alijifunza kuvua akiwa kijana mchungaji katika shamba la mzungu mmoja, na kijiji kilimcheka tangu wakati huo mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakusahau hata kicheko kimoja.

Mimi alinifundisha mto kabla hajanifundisha kitu kingine chochote. Aliupima kwa chai. Mvua za Aprili zikianza, maji yakawa mazito na ya kahawia, alisema hiyo ni chai ya maziwa, na hakuna haja ya kutoka nyumbani. Trauti huwinda kwa macho. Ndani ya tope haoni chakula hata kikipita puani. Mvua ikipumzika kidogo mto ukawa strungi, chai isiyotiwa maziwa, unaweza kujaribu kwa mnyoo, kandokando ya ukingo, asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijateremka kutoka milimani na kuharibu kila kitu. Halafu kuanzia Desemba mpaka Februari mto unakuwa maji matupu. Unaona kila jiwe chini. Huo ndio wakati wa ndoano ya manyoya, ile inayofungwa ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Samaki wanakuwa wanene, nyama yao imeiva rangi, na ukisimama vibaya kivuli chako kikaanguka juu ya maji, umewafukuza wote. Nilizijua siku hizo kuliko nilivyojua siku za wiki. Tulivua pamoja, mimi na yeye, na sitasema uongo, nilikuwa na furaha.

Manyoya ya ndoano yalitoka kwa jogoo. Si jogoo yeyote. Alikuwa mwekundu, manyoya ya shingo yake membamba na magumu, yanang'aa juani. Baba alikuwa akimkamata, anang'oa machache shingoni, anamwachilia. Kwa hiyo jogoo yule alizeeka kwetu akiwa na shingo yenye mapengo, akitembea uani kama chifu mstaafu. Krismasi zilipita, wageni walikuja wakaenda, na yeye yupo.

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo, simu za mkononi zilipoanza kufika hata kwetu, nilikuwa nikifanya kazi Kitale katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Alikuja kijana mmoja wa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, kununua mbegu ya mahindi. Akarudi na swali kuhusu mbegu. Akarudi tena bila swali. Nilimpenda. Sikumpenda kidogo kidogo kama watu wanavyojidai baadaye mambo yakiharibika. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau kurudisha chenji ya wateja.

Watu wake wakaleta habari kwamba watakuja kwetu mwezi wa Agosti kuzungumza mahari. Msemaji wao, baba yake mdogo, alikuwa mwalimu, na shule zikifungwa ndipo alipopata nafasi. Baba aliposikia Agosti alikunja uso.

"Agosti ni chai ya maziwa," akasema. "Waambie wakuje Januari."

Nilipanda kilima kutafuta netiwaki, nikawaambia. Jibu likarudi kupitia kwa kijana wangu: shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, anauliza kama tuna msichana au tunamtafuta. Basi ikabaki Agosti.

Kila mtu aliyekaa na majirani wa Bungoma anajua jambo moja. Ukimkaribisha mgeni wao mkubwa bila kuku, hujamkaribisha. Unaweza kumpa ng'ombe mzima, atakula, atashukuru, na akifika kwao ataulizwa, "Kuku je?" Nilimwambia Baba. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa machozi. Kama Mama angekuwa hai, jogoo yule angechinjwa na Baba angekuta mifupa. Lakini Mama hakuwepo.

"Kuku kila mtu iko nayo," akasema. "Hao watu wanajua samaki. Si hawa watu wetu wa kucheka. Wakionja trauti watajua wameingia boma ya nani."

Nikasema basi nitanunua kuku mwenyewe Kachibora, wawe wote wawili mezani.

"Leta," akasema. "Na uwakaribishe wewe. Mimi nitakuwa mtoni."

Sasa niambie, msichana anaposwa vipi baba yake akiwa mtoni? Alijua ameniweza. Alitaka watu wa mbali wamsifu kwa kitu kilekile ambacho watu wa karibu walimchekea, na akaona siku yangu ndiyo nafasi yake.

Wiki ile nzima alivua. Mvua ilinyesha kila alasiri bila huruma, na mto ulishuka na magogo na matope ya mashamba ya watu waliolima mpaka ukingoni. Alifuata vijito vidogo vya ndani ya msitu, ambako maji husafika kwanza. Alirudi ameloa, ana tope mpaka magotini, na ndani ya mfuko vitu vya urefu wa kidole. Siku moja tu alipata mmoja wa maana, mwembamba, kichwa kikubwa kuliko mwili, maana msimu huo hata samaki wenyewe wana njaa. Nilipompasua alinuka tope. Nikamweleza Baba. Akasema niongeze ndimu.

Wageni wakaja wamevaa vizuri, viatu vyao vimeharibiwa na barabara yetu, na hawakulalamika. Tulisali. Nikanawisha watu mikono, nikaleta ugali, mboga, na sinia la samaki wa kukaanga, yule mmoja akiwa juu, mbele ya baba mdogo. Wakangoja. Nilijua wanachongoja. Walidhani sufuria nyingine iko njiani, nami nilisimama mlangoni na birika la maji, sina pa kwenda.

Hapo ndipo jogoo alipopita. Alikuja mpaka kizingitini, akanyoosha ile shingo yake yenye mapengo, akawatazama wageni, akawika.

Shangazi akageuka polepole. "Mzee," akamwambia Baba, "hii jogoo ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Iko mgonjwa?"

"Hapana," Baba akasema, na akatabasamu kwa fahari, Mungu amsamehe. "Hiyo ni ya manyoya."

Hakuna aliyemwelewa. Nami sikuweza kueleza; msichana anayeposwa hazungumzi. Baba akaanza kuwasimulia jinsi manyoya ya shingo yanavyofungwa kwenye ndoano, jinsi samaki anavyodanganyika Januari, jinsi Agosti ilivyo mbaya. Alizungumza kwa muda mrefu. Wale watu walisikia kitu kimoja tu: kuku yupo, mzima, anawika, na wao hawakustahili kuchinjiwa.

Baba mdogo alimega samaki kidogo, akatoa mwiba mdomoni, akauweka kando kwa adabu. "Hii samaki iko mzuri, mzee," akasema. "Rakini sisi leo tulikuja kuwasalimia tu."

Kuwasalimia tu! Watu hawaharibu viatu vyao mpaka Kachibora kwa ajili ya salamu. Mahari haikutajwa. Kijana wangu aliinama akaangalia mikono yake mpaka wakati wa kuondoka, na kwenye gari hakugeuka. Usiku huo Baba alisema wageni walikuwa na aibu ya kula, na kwamba mwalimu yule ameelimika, amejua samaki mzuri.

Simu zikapungua, kisha zikawa hazishikwi. Desemba mvua zilipokatika nilichukua likizo dukani, nikaenda mwenyewe Mabanga. Nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima. Shangazi alinipokea kwa mikono miwili, akaniketisha kwenye kochi lililotandikwa vitambaa vyeupe, akatoka. Nikasikia kuku akikimbizwa nyuma ya nyumba. Niliinuka, nikaenda jikoni, nikakunja mikono ya blauzi, nikashika kisu nimnyonyoe na kumkata, kama anavyofanya mtoto wa nyumbani. Shangazi akanitoa kisu mkononi taratibu.

"Hapana, mama," akasema. "Wewe rudi ukae. Wewe ni mgeni wetu."

Nikarudi nikakaa. Kijana aliingia, akanisalimia kwa mkono, akasema, "Karibu sana, dada." Miezi yote ile hakuwahi kuniita dada. Kuku akaletwa akiwa kamili, mchuzi mzito, nikawekewa paja na sehemu zote nzuri. Nilikula yote. Hakuna mtu aliyenikosea heshima hata kidogo, na ningalitukanwa ningalirudi nyumbani na nafuu zaidi.

Nilipofika kwetu jua lilikuwa likishuka na mto unaonekana toka barabarani, mweupe, mawe yote nje. Baba alikuwa amekaa uani akifunga ndoano, amefurahi kuliko nilivyomwona mwaka mzima.

"Walikupa nini?" akauliza.

"Kuku."

Akacheka mpaka akaweka ndoano chini. "Si nilikuambia?" akasema. "Hawana kitu ingine."

Sikumwambia kwamba kuku yule alikuwa wa kuniaga. Alifariki akiamini kwamba nilikataa kuolewa Bungoma kwa sababu ya chakula chao, na aliwasimulia watu hivyo, na alikuwa akisimulia kwa fahari.