Usijibu "Kidogo Tu"

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nilipoteremka kutoka kijijini kwetu Mbebe, milimani, kwenda mji mdogo wa Mpemba kufanyiwa usaili. Mama alinisindikiza hadi njia panda akiwa na jembe begani, maana ulikuwa msimu wa kulima na kuniachia siku ile halikuwa jambo dogo. Akaniombea, kisha akanipa methali ya kusafiria: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Wewe ni chema," akasema. "Usijitembeze."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza ghala la mahindi la mfanyabiashara mmoja, kando ya barabara kuu. Niliitaka hata usingizini. Nikiikosa, narudi kwenye matuta, na masomo yangu ya sekondari yanabaki hadithi ya kusimuliana jikoni. Na si kwamba sikuifaa. Nilikuwa nimetunza ghala la akina mama wa kanisani kwetu, napokea, napima, naanika, nafukuza wadudu, wala hakuna gunia lililooza mikononi mwangu.

Meneja alikuwa mzee mpole, mgeni wa huku kwetu. Nilipoingia nikapiga magoti mlangoni nikamwamkia, kama tulivyolelewa. Akaona haya, akaniinua, akanionyesha kiti. Nikakaa ukingoni, macho sakafuni.

"Umeandika kwamba umewahi kutunza ghala."

"Nilikuwa nasaidia tu, baba."

"Mizani unaijua?"

"Kidogo tu."

"Mahindi yakianza kupata joto ndani ya gunia, utatambua?"

"Nitajaribu."

Mwanangu, kule milimani kila mtu angenielewa. Mtu akisema "kidogo", watu hujua kwamba anajua sana na amelelewa vizuri. Lakini yule mzee aliyachukua maneno yangu jinsi yalivyotoka. Akanishukuru kwa kufika, akasema yeye anatafuta mtu anayejua.

Nikaenda kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akiwauzia chai na maandazi madereva wa malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani. Nikamweleza yote, nikamalizia na methali ya mama. Badala ya pole akanimiminia chai.

"Methali ni ya kweli," akasema. "Chema chajiuza, lakini kikiwa kimeanikwa. Wewe umekifunga guniani, ukalikalia gunia, sasa unashangaa mnunuzi hakukiona. Umemwambia uongo huyo mzee, Tusekile."

"Sikusema uongo, shangazi. Nilikuwa na adabu."

"Mtu anajua, anasema hajui. Huko Mbebe jambo hilo mnaliitaje?"

Madereva wakacheka. Shangazi akageuza kreti la soda, akalikalia, akakunja uso kama meneja.

"Haya, binti. Mizani unaijua?"

"Kido..."

"Toka nje, uingie tena."

Nikatoka na kuingia kwenye kibanda chake cha chai mpaka chai yangu ikapoa. Dereva mmoja Mzambia, aliyekuwa akingoja andazi lake muda wote huo, akasema kwa Kiswahili chake cha njiani, "Mama, mpe kazi huyu. Mimi nasikia njaa."

Mchana ule ule nikarudi ghalani. Nikasalimia kwa heshima ile ile, kisha nikainua macho.

"Baba, asubuhi nilikujibu vibaya. Mizani naijua. Gunia lililoanza kupata joto nalitambua kwa kuingiza mkono. Mahesabu ya mauzo sijawahi kuyaandika, hayo nitahitaji kufundishwa."

Akanisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Ungesema asubuhi, binti. Nafasi nimeshampa mwenzako."

Nikarudi Mbebe. Nilimsimulia mama tukiwa shambani, naye akalima tuta zima. Mwisho wa tuta akajiegemeza kwenye jembe. "Basi shangazi yako ameielewa methali kuliko mimi," akasema, akanipangusa udongo shavuni.

Msimu uliofuata ghala jingine likatafuta mtu. Nikaulizwa maswali yanayofanana na yale, na safari hii nikajibu kwa sauti inayosikika. Nikaipata kazi, nikakaa nayo mpaka nywele zikaota mvi.

Nasikia siku hizi mnaomba kazi kwa simu, na wengine mnasailiwa na sura zilizo ndani ya kioo. Sawa, lakini anayeuliza bado ni mtu asiyekujua. Mwanangu, magoti yako ya heshima nenda nayo, hayajapitwa na wakati. Ila ukiulizwa unachokijua, sema unakijua, na useme ulikifanyia wapi. Usichokijua, sema hukijui, wala usione haya. Anayejikweza humdanganya mwajiri, na anayejishusha kupita kiasi humdanganya vilevile. Mficha uchi hazai. Na ukikosa, lia kidogo ukitaka, ule, ulale, kisha uombe tena mahali pengine. Mlango mmoja ukifungwa, mji haujafungwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi usiotetemeka na moyo usiojivuna. Akukutanishe na watu wenye masikio, na mikono yako isikose kazi ya kuifaa.