Mguu wa Mbuzi wa Shangazi

Jumamosi ile nilipanda kwetu kijijini kutoka chuo cha udaktari, macho yakiniwasha kwa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Jumatatu nilikuwa narudia mtihani wa mkono wa binadamu, wa kujibu kwa mdomo: misuli, mishipa ya damu, neva. Nikifeli tena, narudia mwaka.

Si uvivu. Tatizo langu ni kusafisha kupita kiasi ninapopasua. Shuleni hatukuwa na mwalimu wa baiolojia. Nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na mpaka leo siamini kitu kabla hakijafanana na picha. Kwenye chumba cha kupasulia maiti wenzangu walishafika kiganjani, mimi bado niko kwapani, nabandua mafuta.

"Dokta, muache marehemu apumzike," mmoja aliniambia. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Nyumbani baba alikuwa amechinja mbuzi kwa kipaimara cha mdogo wangu. Kila ndugu alishachukua fungu lake. Jikoni ulibaki mguu mmoja wa mbele chini ya jani la mgomba, fungu la shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyechelewa kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa.

Nilitaka kufungua kidogo tu, nione neva inavyopita. Neva moja ikanipeleka kwa nyingine. Nikatoa mafuta, nikatoa utando. Nilipoinua kichwa, fungu lilikuwa nyuzi tupu na shangazi yuko mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo ndiyo yangu?"

"Ndiyo."

"Siku hizi mnanitafunia kabisa?"

Nilikuwa nimechoka mno kutunga uongo. Nikamwambia yote, hata kufeli ambako baba hakukujua. Alikaa, akaweka mkono wake mezani.

"Jumatatu hawatakuuliza mbuzi. Nionyeshe hapa."

Ulikuwa mkono mnene, wa moto, umekazwa na miaka ya kukamua. Hakuna kilichoonekana. Nilipapasa nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, nikabonyeza. Akashtuka.

"Kidole cha mwisho kimeingia ganzi."

Hiyo niliijua. Nikamtajia jina la neva, inakopita, misuli inayoihudumia, bila kufikiria picha yoyote.

"Zimebaki ngapi?"

"Nyingi, shangazi."

Alisogeza kiti, akakunja sweta hadi begani.

"Haya, endelea. Ila kwanza hiyo nyama ibandike motoni."