Jina Alilolitaka Raheli

Mnichukie mkitaka, lakini habari ya Anyesi wa kijiji cha Zuzu siwezi kuisimulia kwa ulimi mtamu. Wakwe zake walinitia kinyaa, tena kinyaa kilichozidi harufu yoyote ya mtoto mgonjwa.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, reli ndiyo kwanza imefika Dodoma. Mumewe, Matonya, alikuwa mbele huko magharibi akilaza mataruma ya reli. Mtoto wao Seth alizaliwa akakawia mno kupata kile choo cheusi cha kwanza, kisha tumbo likajaa, likawambwa kama ngoma. Akitapika, hutapika kijani. Mama mkwe, Raheli, hakuuliza hata mtoto ananyonyaje. Alisema kabemendwa: mama kalala na mwanamume huku ananyonyesha, na dawa haitashika mpaka amtaje. Wakwe wakakaa ndani ya tembe wakinywa pombe ya mtama, wakingoja jina. Mtoto anakufa, wao wanangoja jina. Watu hovyo kabisa.

Anyesi hakuwa na jina la kutoa. Akambeba mwanawe hadi Dodoma kwa daktari wa Kidachi. Msaidizi wa daktari, Yahaya, akauliza habari za choo cha kwanza. Daktari akapaka kidole mafuta, akapima njia ya haja. Alipokitoa, uchafu na upepo vikafumuka, tumbo likanywea. Yahaya akamweleza Anyesi kwamba kipande cha mwisho cha utumbo kimelala, hakisukumi. Ugonjwa huo ni nadra, na wa kumpasua mtoto hapo hayupo, ila akisafishwa utumbo kila siku kwa mpira mwembamba wa kupitishia maji ya chumvi ya uvuguvugu, huenda akaishi.

Basi Anyesi akarudi nyumbani na mpira huo, akawa anasafisha. Harufu ikatanda nyumba nzima, wakwe wakahamisha vyungu vyao. Siku moja Seth alirusha mateke mno, Anyesi akamwomba Raheli amshike miguu. Akaishika kageuza uso, na bado anadai jina. Maji yakarudi kwa nguvu, uchafu wote ukamwishia mapajani.

"Uliyetaka nimtaje, mama, ndiye huyo mapajani mwako," Anyesi akasema.

Raheli akaitazama nguo yake, akalitazama tumbo la mjukuu limelala bapa. Jina hakuliuliza tena. Akaenda kuoga, na miguu ya Seth hakuigusa tena, hata ilipoanza kutembea.