Siku Lyle Alipoacha Kutukana

Mume wangu Merv alirudi kutoka kwa rafiki yake Lyle jioni moja, akaketi jikoni na buti zake miguuni, akasema, "Cora, Lyle kaniambia mstari wangu wa kichekesho ni mzuri."

Nikamwambia hongera. Nilikuwa nakata viazi vya kujaza pasti, mikate yetu ya nyama, na habari za mistari yao nilikuwa nimezisikia hadi zimenitoka puani.

"Hujanielewa. Kasema hivi: 'Asante, Merv. Ni mzuri sana.' Kasema asante, Cora!"

Nilipoinua macho nikaona amepauka, mikono imebana ukingo wa meza. Nikaweka kisu chini.

Mgeni hawezi kuelewa tuliogopa nini. Kwetu Port Trewin, kwenye rasi hii ya mashamba ya shayiri, mwanamume akikuita "bwana mpendwa" ujue anakuchukia au anataka kukuuzia trekta bovu. Rafiki wa kweli hukuita bwege. Akikupenda zaidi atamtukana na mbwa wako. Lyle Treloar alikuwa amemtukana mume wangu kwa miaka kumi na tano bila likizo, na Merv aliishi kwa matusi yale kama wengine wanavyoishi kwa chai.

Merv Bartsch si mtu wa kuandikwa magazetini, ingawa baadaye waliandika. Amezaliwa hapa, akaacha shule mapema, akaingia kufanya kazi kwenye maghala ya shayiri, na yupo huko hadi leo. Anaogopa panya, anaogopa madaktari, na anaogopa kusimama mbele za watu. Nilipoolewa naye sikujua kwamba kichwani mwake mna vichekesho. Lyle ndiye aliyevigundua, na alivigundua kwa ubaya.

Ilikuwa hivi. Klabu yetu ya mpira hufanya mkutano mkuu kila mwaka msimu ukiisha, na hakuna anayetaka ukatibu, kwa sababu katibu ndiye anayezibua vyoo, anayegombana na waamuzi na anayelaumiwa mvua ikinyesha. Basi desturi ni moja tu: asiyehudhuria ndiye anayechaguliwa. Watu huja mkutanoni na homa, huja na mguu ndani ya plasta, ilimradi waonekane. Mwaka ule Merv alikuwa mji wa Maitland anang'olewa jino. Lyle, dereva wa basi la shule ambaye hata hawakuwa wamezoeana, akanyoosha mkono akampendekeza. Ukumbi mzima ukasema ndiyo kabla hajamaliza jina.

Merv alirudi shavu limevimba, akaambiwa yeye ni katibu. Akaenda moja kwa moja kwa Lyle kumpiga ngumi. Lyle alipofungua mlango akamwangalia lile shavu, akasema, "Karibu, Katibu. Naona umeshaanza kuficha mali ya klabu." Merv akacheka, jino likamuuma, akalia, akacheka tena. Hakurudi nyumbani hadi asubuhi, na tangu siku hiyo nimekuwa na mume nusu.

Walikuwa wanakaa kwenye banda la bati nyuma ya nyumba ya Lyle. Lyle alikuwa mjane, hana mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwafukuza. Yeye hulala chali kwenye kochi bovu, Merv husimama kwenye meza ya useremala akipiga randa kipande cha mbao kisicho na kazi. Mmoja anatupa mstari. Ukiwa mbaya, mwenzake ananyamaza tu. Ukiwa mzuri anasema, "Hiyo umeiba wapi? Wewe huna akili ya kuitunga." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yao kubwa kabisa, na sikuwahi kusikia nyingine.

Humo bandani ndimo walimotunga *Katibu Marehemu*. Ni kisa cha mtu aliyekosa mkutano, akachaguliwa katibu wa klabu, akaona heri ajifanye amekufa. Anajificha ghalani, halafu anakwenda kwenye mazishi yake amevaa kofia ya shangazi yake, na huko anakasirika kwa sababu sandwichi ni chache. Mwongozaji mmoja wa filamu kutoka Adelaide, mwanamama aitwaye Soula Vasiliou, akaisikia kwa binamu yake mwenye baa hapa mjini. Akaja, akaketi kwenye ndoo bandani, akacheka hadi ndoo ikapinduka. Mwaka uliofuata akarudi na kamera na watu wake wote.

Wakati huo wa kupiga picha za filamu ndipo Lyle alipoanza adabu.

Kila siku Merv alirudi na habari mbaya zaidi. "Leo kanifungulia mlango wa gari." Kesho yake: "Kaniuliza kama nimelala salama." Alikuwa haamki bila kukohoa kwa wasiwasi. Kwanza aliamini amemuudhi Lyle, akapekua kichwa chote akitafuta kosa. Halafu akasema watu wa Adelaide wamemrubuni, Lyle anataka kumwacha kwenye mataa.

"Si umuulize?" nikamwambia.

"Muulize wewe."

"Mimi? Rafiki ni wangu?"

"Akinijibu vibaya nitafanyaje, Cora?"

Haya ndiyo yanayonitia hasira na wanaume wa huku. Wanaweza kukaa pamoja nusu ya maisha, wakajua hadi rangi ya soksi za mwenzao, lakini swali la vipi hali yako linawashinda. Nikachukua funguo za gari, nikamkokota Merv hadi bandani, nikasimama mlangoni ili asitoroke.

Lyle alikuwa kwenye kochi. Akajaribu kunyanyuka kutupisha, akashika ukuta.

"Kaa chini," Merv akasema. "Sasa nitukane."

"Merv, rafiki yangu..."

"Usiniite rafiki yangu! Nitukane, mzee mavi wewe! Nimekukosea nini?"

Lyle akarudi kwenye kochi. Kisha akagusa paji la uso. "Kuna kitu humu ndani. Uvimbe. Daktari anasema upo mbele, mahali pabaya. Wataupasua tukimaliza filamu."

Merv akaegemea meza ya useremala.

"Anasema huenda nisiamke. Au niamke mtu mwingine. Nikawaza, miaka yote hii sijawahi kukwambia neno moja zuri. Nikaona nikwambie kidogo kidogo, usije ukashtuka."

"Nani kakuomba?" Merv akapiga kelele. "Nani kakuomba, mjinga wewe? Mwezi mzima sili, silali, kumbe unanifanyia wema?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi acha!"

Lakini hakuacha. Nadhani alikuwa anaogopa kuliko sisi, na adabu ilikuwa kitu cha kushikilia.

Walimpasua Adelaide. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, Merv akiwa amevaa suti ya harusi yetu isiyofunga vifungo, kwa sababu alisema hospitali ni mahali pa kuheshimu. Alishika mkono wangu hadi pete ikaniingia nyamani. Sikumwambia aachie. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumzika Lyle mara kadhaa kichwani, na kila mara nilimwona Merv amesimama kando ya kaburi akitafuta la kusema.

Daktari akatoka anatabasamu. Uvimbe umetoka wote, mgonjwa ameamka, anaongea vizuri. Tukaingia. Lyle alikuwa amefungwa bendeji kama kichwa cha kabichi.

Merv akasogea. "Angalia hicho kichwa," akasema taratibu. "Hatimaye wameona ndani mna nini. Walikuta hata punje ya shayiri?"

Lyle akamtazama kwa macho mapole. "Asante sana kwa kuja," akasema. "Mmesafiri mbali. Poleni na barabara."

Muuguzi akafurahi, akasema mnaona alivyo mstaarabu! Merv akatoka nje. Nikamkuta kwenye korido ameegemea ukuta, anapumua kwa mdomo.

"Huyo si yeye," akaniambia. "Cora, wamemtoa na yeye pia."

Nilimwambia ampe muda. Nilisema hivyo kwa sauti ya kujiamini, na moyoni sikuamini hata neno moja.

Lyle akarudi nyumbani, na mji mzima ukampenda. Alikuwa anawapisha watu dukani. Alimsifia mke wa mchungaji kwa wimbo ambao paka angeuimba vizuri zaidi. Wanawake wakaniambia, jamani, Lyle amekuwa mtu mwema! Nilitaka kuwarushia vikapu vyao. Kila Jumatano Merv alikwenda bandani, akapiga randa ile mbao, akatupa mstari. Lyle alisema, "Nzuri." Merv akatupa mstari mbaya makusudi, mbaya wa kutapisha. Lyle akasema, "Nzuri hiyo pia." Mume wangu alikuwa akirudi na vumbi la mbao kwenye nywele, anakwenda kulala bila kula.

Filamu ilipooneshwa mara ya kwanza, ilioneshwa hapa hapa, kwenye ukumbi wa mji. Watu walicheka hadi viti vikalia. Kwenye kisa cha sandwichi mzee mmoja ilibidi atolewe nje apate hewa. Mimi na Merv hatukuangalia filamu. Tulikuwa tunamwangalia Lyle kwa pembeni. Alikaa wima, mikono magotini, uso umetulia kama mtu anayesubiri basi. Hakucheka hata mara moja. Taa zilipowashwa akapiga makofi taratibu, akamgeukia Merv.

"Hongera," akasema. "Nani aliitunga?"

Nilimshika Merv mkono, nikahisi amekuwa baridi.

*Katibu Marehemu* ikaenea nchi nzima. Watu wa Sydney na Perth walijipanga foleni kucheka vituko vya klabu yetu. Waandishi wa habari wakaja kuuliza siri ya urafiki huu, na Lyle akawajibu kwa heshima, huku Merv akijifungia chooni. Soula akataka filamu ya pili haraka. Merv akakaa na ombi hilo muda mrefu. Mwishowe akasema anakwenda Adelaide kumwambia mwenyewe, ana kwa ana, kwamba hakuna ya pili.

"Andika peke yako," nilimwambia. "Unaweza."

"Nani ataniambia nimeiba?"

Akaondoka Jumapili asubuhi. Mchana ule ulikuwa mkutano mkuu wa klabu. Nakuapia hakukumbuka, na mimi pia sikukumbuka hadi alipokwisha kuvuka njia panda. Nikamchukua Lyle, kwa kuwa hatukuwa tunamwacha peke yake, tukakaa nyuma.

Wakasoma ripoti. Wakagombana kuhusu nyasi. Kisha mwenyekiti akasema katibu wa sasa anajiuzulu, je, kuna jina? Wanaume wote wakaanza kuchunguza buti zao. Walijua Merv hayupo, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtaja. Waliona anavyokonda.

Kando yangu kiti kikalia. Lyle alikuwa amesimama, mkono juu.

"Nampendekeza Mervyn Bartsch."

Mwenyekiti akakohoa. "Lyle, ndugu yangu, Merv leo hayupo."

"Najua," Lyle akasema. "Ningempendekezaje angekuwepo?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, wengine walifuta macho. Nilimgeukia Lyle nikimtafuta usoni, na uso ulikuwa uleule, mtulivu, mwenye adabu. "Asanteni," akasema, akakaa. Nikashindwa kujua. Labda ilikuwa mazoea tu yaliyobaki mkononi. Nikaogopa kumwambia Merv, maana tumaini lingevunjika mara ya pili lisingemwacha mzima.

Lakini mji huu hauna siri. Nilimkuta barabarani kwetu jua linapozama, gari halijazimwa, mwenye baa ameshamwambia kila kitu dirishani.

"Alicheka?" Merv akaniuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Merv, sijui. Kweli sijui."

Akageuza gari. Nikarukia ndani mlango ukiwa wazi. Mbele ya nyumba ya Lyle aliteremka, akaenda hadi mlangoni, akanyanyua ngumi, akaishusha. Mtu anayeogopa panya, sasa alikuwa anaogopa mlango wa mbao. Mwishowe akagonga kwa nguvu zote.

"Lyle! Toka nje, mnafiki mkubwa wewe!"

Ndani zikasikika nyayo, taratibu. Sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Nani! Katibu wa klabu!"

Nilishika mpini wa mlango wa gari ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Haiwezekani," Lyle akasema. "Huyo alikufa. Nilikuwepo kwenye mazishi. Sandwichi hazikutosha."

Merv akakaa chini pale pale kwenye ngazi, suruali safi na vumbi vyote, akalia kwa sauti kama mtoto. Alijaribu kusema mara mbili, ikashindikana. Ya tatu ikatoka.

"Hiyo umeiba wapi?"

"Kwako, bwege," Lyle akasema, na nikasikia anahangaika na kitasa.