Utomvu wa Bungu kwenye Redio ya Mkwe

Vijana mafundi simu hapa Korogwe wananiringia fluksi yao ya kwenye bomba la sindano. Ni nzuri, sikatai. Inasafisha shaba na lehemu inashika. Lakini haina harufu. Mimi mpaka leo naisikia ile ya utomvu wa msonobari ukiguswa na chuma cha moto, moshi wake unakaa kwenye shati siku nzima.

Shule niliishia darasa la tatu. Nilianza na bati: koroboi, ndoo, makopo ya kumwagilia. Sisi wa bati tulipaka asidi kabla ya kulehemu, na koroboi yangu haikuvuja hata moja. Ulizeni.

Wakati huo nilikuwa namtaka binti mmoja wa Kwedizinga, kule Handeni. Baba yake hakunitaka. "Mgosi wa koroboi," ndivyo alivyoniita, yaani bwana wa vibatari. Redio yake ilipokatika waya ndani, nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikaifungua, nikapaka asidi yangu, nikalehemu. Ikaimba. Mzee akanikaribisha ugali.

Wiki ya tatu ikanyamaza. Kuifungua, kutu ya kijani imetafuna njia za shaba. Ndoo ukishalehemu unaisuuza kwa maji, asidi inatoka. Kwenye redio niliiacha humohumo, ikawa inakula.

"Umeiua," mzee akasema. "Na binti yangu nikupe, naye umpake asidi?"

Ningeweza kusingizia betri. Pale nani angejua?

"Nimeiharibu mimi, mzee. Nipe wiki moja."

"Moja. Ukishindwa, kwangu usipite hata kuomba maji."

Fundi redio mmoja wa Korogwe alinicheka mpaka akakohoa. "Asidi ya ndoo, bwana! Redio inataka utomvu."

Nikapanda milimani, Bungu. Nikakwangua utomvu kwenye misonobari, nikauchemsha ndani ya kopo, ulipopoa ukawa mgumu kama sukari guru. Nikarudi nao Kwedizinga. Nikaisugua ile kutu kwa mswaki na spiriti, nikaunga vijiwaya pale shaba ilipoliwa, na kila mahali utomvu kwanza, lehemu baadaye. Nyumba nzima ikanukia.

Binti akachungulia mlangoni. "Mnachoma ubani? Kwani imeshakufa?"

"Bado," nikamwambia. "Subiri."

Ikashika. Mzee hakusema asante. Alisikiliza taarifa ya habari yote, mimi natoka jasho, kisha akasema, "Juzi nayo iliimba hivihivi. Rudi kwenu. Ikifika wiki ya nne, tutaongea."

Sijawahi kuhesabu siku vile. Wiki ya nne akatuma mtu: inaongea tangu alfajiri, niende na wazee wangu kuposa. Mjomba nilimkuta shambani Kerenge anapalilia mahindi. Salamu sikumaliza, nikamnyang'anya jembe: twende Kwedizinga.