Mama Mkwe na Wadudu wa Posta

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Tabora kukaa nasi wiki sita, nilijua nina mtihani. Kwa desturi za kwao, mkwe na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana, wala hawakai chumba kimoja. Na nyumba yetu ya Walthamstow, huku ughaibuni, haina chumba kikubwa hata kimoja! Koridoni watu wawili hawapishani bila kugusana, kwa hiyo nilikohoa kabla ya kila kona, hadi binti yangu akaniuliza, "Dad, are you ill?" Salamu zilipitia kwa mke wangu. Nilichotaka ni kimoja tu: mama arudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe hakuolewa na mtu wa hovyo.

Tegemeo langu lilikuwa mti wa pasheni. Nimeupanda kwenye kibanda cha vioo nyuma ya nyumba, na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, ulishika matunda manne, nikapanga yote yawe ya mama. Kumbe vidukari, wale wadudu wadogo wafyonza utomvu, nao waliutamani. Machipukizi yote yalijaa. Kupuliza sumu kwenye tunda la mama mkwe sikuthubutu. Nikaagiza mabuu wa wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wakaja kwa posta ndani ya kikopo, nikawatandaza kwenye majani. Wana sura mbaya, weusi, wana miiba midogo mgongoni, lakini hula vidukari kutwa nzima. Nikamwomba mke wangu amweleze mama. Akasahau, akaenda zake shifti.

Asubuhi nikachungulia dirishani. Mama yumo kibandani, amevaa koti la mwanawe, anawatumbua mabuu wangu kwa vidole huku anaimba! Nikatoka mbio, nikakwama mlangoni pa kibanda. Kuingia siwezi, kumkataza ndiyo kabisa. Juu ya ndoo alikuwa amekaa paka wa jirani.

"Paka," nikasema kwa sauti, "laiti mtu angejua hao weusi ndio askari wetu!"

Wimbo ukakatika.

"We paka," sauti ikatoka ndani, "mwambie mwenzio angesema mapema. Nimeshaua kumi na tatu."

"Mwambie mama hana kosa. Waliobaki wanatosha."

Mama akainamia jani, akamwona buu mmoja amemkamata kidukari, anamfyonza. Akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu afike.

"Paka, muulize kwa nini hapulizi tu dawa."

"Mwambie haya matunda ni ya kwake. Sikutaka ale sumu."

Akafuta vidole kwenye koti.

"Basi mwambie nilikuwa na hofu tangu siku ya harusi. Mwanangu yuko mbali, na mumewe nilikuwa simjui. Sasa namjua."

Nikageuka nimpe paka jibu, nikakuta ndoo tupu. Alikuwa ameshajiondokea kitambo.

"Asante, mama," nikasema.

"Haya," akajibu, macho bado kwenye jani. "Niletee kiti, mkwe wangu, nikae niwaangalie."