Siku Mshale Alipokwenda Polepole

Madereva wenzake walimwita Mshale, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata barabarani. Akishatoka kiwandani na shehena yake ya saruji, watu hawakuuliza kama atafika, waliuliza kafika saa ngapi. Hata nyumbani mkewe alikuwa akisema, kwa kutania na kulalamika pamoja, kwamba ameolewa na vumbi: akitoka nje kulitazama, limeshapita.

Ulimi wake nao ulikwenda mbio. Kwenye mgahawa ulio karibu na mizani, pale malori yanapopimwa uzito, madereva walikuwa wakimwachia kiti cha katikati ili wote wamsikie.

Ndipo ikaja amri. Mwendo wa barabara kuu umeshushwa kutoka themanini hadi sitini. Redioni walieleza sababu: mafuta yamepanda mno, na magari yakienda taratibu yatakunywa kidogo, nchi nzima ikinywa kidogo, bei itateremka.

"Hilo la kunywa kidogo ni kweli," alisema mzee mmoja waliyemwita Babu Gia, dereva aliyekuwa karibu kustaafu. "Gari ukilikimbiza linabugia. Hata wewe Mshale unalijua hilo."

"Nalijua, babu. Lakini nikuulize. Mimi leo nikitia sukari nusu kijiko kwenye chai, kesho mwenye duka atashusha bei?"

Wakacheka. Babu Gia akasubiri kicheko kipite. "Wewe peke yako, hapana. Tukiwa wote, huenda."

"Mafuta yanatoka ng'ambo huko, yanaletwa na meli. Mwenye kisima hanijui mimi wala wewe. Atatushushia bei kwa kuwa tumekuwa na adabu?" Mshale akasimama, kikombe mkononi. "Wanataka polepole? Basi tuwape polepole mpaka waitapike."

Wazo likapendwa. Siku iliyofuata, asubuhi, malori yangetoka mizani kwa pamoja, mawili sambamba mbele na mengine nyuma, yapande mlima kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani. Sheria imekataza kukimbia, haikukataza kutambaa. Mshale ndiye angeongoza.

Asubuhi hiyo alizima simu. Hakutaka tajiri wake, mwenye lori, ampigie na kumharibia starehe. Alivaa miwani nyeusi, akashusha kioo, akaegemeza kiwiko dirishani kama bwana harusi. Kufikia saa nne foleni nyuma yake ilikuwa imezunguka mlima na haikuonekana mwisho. Honi zililia hadi zikachoka. Abiria wa mabasi walishuka wakawa wanatembea kando ya barabara, na wengine waliyapita mabasi yao.

Mtu mmoja alikuja mbio kwa miguu kutoka nyuma, shati limemganda mgongoni. Akaukamata mlango wa lori la Mshale huku akitembea.

"Kaka, nakuomba. Tupishe gari moja tu. Nina mama mtu mzima garini, anakwenda kumzika dada yake. Wanatungoja."

Dereva wa lori la sambamba na wale wa nyuma walikuwa wakisikiliza. Mshale aliwaona wanavyomtazama, wakingoja neno. Na neno likatoka, hata hakulifikiri.

"Maiti hana haraka, ndugu yangu."

Kicheko kilipasuka kutoka lori hadi lori. Yule mtu aliuachia mlango. Nyuma yake kidogo alikuwa amesimama mwanamke, mtandio umemfunika uso wote, akishika kiuno kama mtu aliyepanda mlima kwa shida. Mshale alimwona kwenye kioo cha pembeni, akaona anageuka kurudi. Akasonga mbele.

Mchana polisi waliwatawanya. Alipowasha simu, ilimlemea kwa ujumbe wa mkewe. Mama mkubwa amefariki. Maziko ni leo. Mimi nimetangulia na watoto. Mama anakuja na jirani kwa gari lake, wanapita barabara kuu. Uko wapi? Mbona hupatikani? Ujumbe wa mwisho ulikuwa mfupi: Tumeshazika. Mvua ilikuwa inakuja, wazee walisema hatuwezi kungoja tena. Mama hakuwahi.

Mshale alilisimamisha lori kando, akashuka, akakaa kwenye majani. Alijaribu kujiambia kwamba barabara ile ina watu wengi, na akina mama wanaokwenda kuzika dada zao ni wengi. Moyo wake haukukubali.

Alifika msibani kesho yake. Akavua viatu, akaingia kumsalimu mama mkwe wake, ambaye tangu siku ya posa hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila mwanangu.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Pole na safari." Alimshika mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Basi.

Alipotoka kukaa na wanaume uani, alimkuta yule mtu wa mlimani. Ndiye jirani mwenye gari. Alikuwa akisimulia, na watu wamemzunguka.

"Namwambia tunakwenda kuzika, ananiambia maiti hana haraka! Na wenzake wanacheka!"

Watu wakasonya. Mzee mmoja akasema mtu wa namna hiyo hakulelewa, aliota tu kama magugu.

"Ungemwona ungemjua?" mwingine akauliza.

"Sura hapana, alivaa miwani. Lakini sauti ile siisahau. Akinisalimia tu, nimemjua." Kisha akamgeukia Mshale kwa upole, akampa mkono. "Wewe ndiye mkwe, eh? Karibu, ndugu. Umetoka mbali?"

Mshale alifungua mdomo. Akaufunga. Akaonyesha koo lake kwa kidole na kutikisa kichwa.

"Ah, vumbi la safari," jirani akasema. "Pole."

Hivyo mtu aliyekuwa akiwachekesha madereva wa njia nzima alikaa siku hiyo kama bubu. Walipomuuliza jambo aliitika kwa kichwa. Walipomlaani yule dereva wa mlimani, alitazama chai yake. Mara ikaja sauti ya mama mkwe kutoka ndani, ikimwagiza mmoja wa mabinti: "Mpelekee mkwe wangu maji ya moto na limau. Koo linamsumbua."

Alishtuka. Hakuna aliyeingia ndani kumpa habari ya koo. Aliyapokea yale maji kwa mikono miwili, na kila funda likampita kama mchanga.

Jioni, alipokwenda kuaga, alimkuta mama mkwe peke yake akikunja nguo za marehemu. Akapiga magoti.

"Mama..."

"Sauti yako niliijua kabla sijakuona," alisema, bila kuacha kukunja. "Nilikuwa nimekuja kumsaidia jirani kuomba. Nikaona, nikikujia hivi mbele ya wenzako, utafedheheka. Nikajifunika."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Mwambie mkeo mwenyewe. Mimi sitamwambia." Akachukua nguo nyingine. "Dada yangu alininyoa nywele za utoto. Nilitaka nimwone uso tu."

Mshale aliondoka akitamani angetukanwa. Tusi lina mwisho wake.

Alimwambia mkewe wiki hiyo hiyo, wakiwa jikoni. Mkewe hakupiga kelele. Alizima jiko, chakula kikiwa kibichi, akauliza, "Na mama alijua siku nzima ile, anakupikishia maji?" Mshale akaitika. Mkewe akatoka nje, na kwa siku nyingi alizungumza naye mambo ya watoto tu.

Kwenye mgahawa mambo yalikuwa kinyume. Kule alikuwa shujaa. Maneno yake yalikuwa yamegeuka msemo. Dereva akihimizwa apakie upesi, hujibu, "Maiti hana haraka," na wote hucheka. Kuna kijana aliyeyaandika kwa rangi nyekundu nyuma ya lori lake. Mshale alimfuata akamwomba ayafute.

"Si maneno yako, mkubwa? Au unataka nikulipe?"

Mshale akarudi kwenye lori lake. Akaanza kunywa chai yake garini.

Amri haikuondolewa. Akaifuata, sitini kamili, na akaona kweli tangi linamfikisha mbali kuliko zamani. Lakini kwenye pampu bei haikujali. Ilipanda kidogo, ikatulia, na baada ya miezi ikashuka kidogo. Redioni wakasema ni matunda ya mwendo mpya. Madereva wakasema ni woga wa mgomo wao. Babu Gia alisema labda ni meli tu. Walimwita Mshale aamue, wakampisha kwenye kiti cha katikati. Alisema hajui. Walidhani anatania, wakangoja acheke, hakucheka.

Kiangazi kilipoingia, mama mkwe alipiga simu. Anataka kwenda kulitazama kaburi, na jirani hana nafasi. Mshale aliazima gari dogo la rafiki yake. Njiani walizungumza habari za wajukuu na za paa linalovuja. Walipofika alizima gari akabaki ameshika usukani, hajui kama ana haki ya kushuka.

Mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Ardhi ilikuwa ya mawe. Akasimama, akageuka.

"Njoo unishike mkono, mwanangu," alisema. "Nitaanguka."

Akashuka, akamshika, wakaenda hatua kwa hatua. Alimwongoza hadi kaburini akiwa ameinamisha macho, na mama mkwe alipomwambia amsalimu marehemu, alipiga magoti akaanza kung'oa magugu.